Mjumbe Hauawi? Lugha ya Mpasha Habari wa Kujitolea wa Afya ya Umma katika Mitandao ya Kijamii: Mtazamo kutoka Tabora

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kazi ya kiisimu inayofanywa na mtu anayejitolea kueneza taarifa za afya ya umma kupitia mitandao ya kijamii. Hoja inayotetewa ni kwamba mtu huyo si mfereji wa kupitishia maneno ya wataalamu yakiwa yaleyale, bali ni mfasiri anayelazimika kuamua mambo matatu: ataje ugonjwa kwa jina gani, ahimize kwa kauli gani, na aonyeshe vipi chanzo cha habari. Kwa kuwa mafunzo anayopewa huwa ya afya zaidi kuliko ya lugha, maamuzi hayo huyafanya peke yake, ilhali kosa moja la lugha laweza kugharimu uhai. Mjadala umejengwa juu ya historia ya Tabora na njia kuu ya misafara ya kati, ambako bidhaa, lugha, maradhi na habari za maradhi vilisafiri pamoja.

1.0 Utangulizi

Waswahili husema mjumbe hauawi. Methali hii ina sharti ambalo aghalabu halitamkwi: mjumbe husalimika kwa sababu maneno aliyoyabeba si yake. Aliyetuma ndiye mwenye maneno. Aliyetumwa ni miguu na mdomo tu. Pindi mjumbe anapobadili neno, akapunguza au akaongeza, kinga ya methali humtoka.

Mpasha habari wa kujitolea anayeshughulikiwa katika makala haya yumo katika hali hiyo hasa. Huyu ni kijana, mwalimu, muumini wa kanisa au msikiti, mfanyakazi wa chama cha hiari au mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye hupokea tangazo kutoka Wizara ya Afya, ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa au Chama cha Msalaba Mwekundu, kisha akalieneza kwa simu yake katika makundi sogozi ya WhatsApp, Facebook au Instagram. Akilieneza kama lilivyo, wengi hawalielewi au hawalisomi hadi mwisho. Akilibadili ili lieleweke, amekuwa mwenye maneno, wala si mjumbe tena.

Swali la makala haya, basi, ni hili: mpasha habari huyu hufanya maamuzi gani ya lugha, na yapi kati yake yana athari kwa uhai wa watu? Mifano yenye namba imetungwa na mwandishi kwa kufuata ruwaza za matumizi zinazofahamika na wasemaji wa Kiswahili nchini Tanzania. Si nukuu za ujumbe wa mtu yeyote.

2.0 Usuli: Njia, Maradhi na Habari

Tabora, ambayo wasafiri wa karne ya 19 waliijua pia kwa jina la Kazeh, ilikuwa njia panda ya bara. Upande wa mashariki njia ilishuka hadi Bagamoyo. Upande wa magharibi ilikwenda Ujiji. Upande wa kaskazini ilielekea Karagwe na Buganda. Richard Burton na John Speke walifika hapo Novemba 1857, wakakuta mji uliokwisha kuzoea wageni. Kiswahili kilienea bara kwa sehemu kubwa kwa miguu na vinywa vya wapagazi, wengi wao wakiwa Wanyamwezi. Katika kitabu chake cha mwaka 2006, mwanahistoria Stephen Rockel ameonyesha kwamba wapagazi hao hawakuwa umati wa watu wasio na sauti. Walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye ujuzi, desturi na heshima ya kazi yao.

Njia hiyohiyo ilipitisha maradhi. James Christie, tabibu aliyeishi Zanzibar, alichapisha mwaka 1876 kitabu kuhusu milipuko ya kipindupindu katika Afrika Mashariki. Humo alijaribu kuonyesha kwamba mlipuko uliofika Zanzibar mwaka 1869 haukuja kwa bahari bali ulitoka bara kwa njia za misafara. Lililo muhimu kwa mwanaisimu ni kwamba sehemu kubwa ya ushahidi wake ilikuwa ni masimulizi ya watu waliosafiri au kukutana na wasafiri. Kwa maneno mengine, ramani ya ugonjwa ilichorwa kwa habari za njiani.

Ndani ya msafara, mwenye jukumu la kauli alikuwa kirangozi. Yeye ndiye aliyetangulia mbele, na ndiye aliyewatangazia wenzake safari. Alitoka miongoni mwa wapagazi wenyewe na alitembea njia ileile waliyotembea. Mamlaka ya kauli yake hayakutokana na cheo tu, bali na kushiriki kwake jua, kiu na umbali.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, misafara ya miguu ikafifia, lakini uhusiano wa njia, maradhi na habari haukwisha. Mwezi Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi waliokusanyika Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, walikumbwa na kipindupindu, maelfu waliugua. Mwezi Agosti mwaka huohuo ugonjwa ulizuka Dar es Salaam na baadaye ukasambaa katika mikoa mingi ya nchi.

Kati ya kirangozi na simu ya mkononi kuna kielelezo kimoja kisichopaswa kusahauliwa. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa muda wa wiki 12. Matangazo ya redio na vijitabu viliandaliwa, lakini havikuachwa viende peke yake. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa, na watu wazima wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakasoma, wakajadili, kisha wakakubaliana la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Viongozi hao walikuwa wapasha habari wa kujitolea wa zama zao. Tofauti yao na wa leo haimo katika chombo tu. Wa mwaka 1973 alikuwa na matini moja, saa moja ya kukutana, na watu waliomtazama usoni na kumuuliza swali papo hapo. Wa leo ana matini nyingi, hana saa maalumu, na ujumbe wake huweza kufika kwa watu asiowajua na ambao hawamjui.

3.0 Maamuzi Matatu ya Lugha

3.1 Kutaja Ugonjwa

Uamuzi wa kwanza ni wa jina. Kiswahili kina majina ya maradhi ambayo maana yake huonekana ndani ya umbo. Malale yanahusiana na kitenzi lala. Kipindupindu kina uradidi wa shina linalokumbusha kupinda na kupindua. Kifua kikuu chataja kiungo na ukubwa wa shida. Msikilizaji asiyewahi kumwona mgonjwa hupata fununu ya ugonjwa kwa kulisikia jina.

Kundi la pili ni la vifupisho. Neno ukimwi, lililotokana na upungufu wa kinga mwilini, limefanikiwa kwa sababu ya kisarufi: lilianza na u, likapokelewa katika ngeli ya U, na leo twasema ukimwi umepungua pasipo kukumbuka kuwa ni kifupisho. UVIKO-19, yaani ugonjwa wa virusi vya korona wa mwaka 2019, nao ulianza na u, lakini herufi zake kubwa na tarakimu zake uliuweka katika nyaraka zaidi kuliko vinywani. Watu walisema korona imeingia. Kwa upande mwingine, neno la kale barakoa, lililotaja kifuniko cha uso cha wanawake wa pwani, lilipewa kazi mpya mwaka 2020 na likapokelewa nchi nzima. Funzo ni kwamba jina haliingii kwa amri. Huingia likipata nafasi katika sarufi na kumbukumbu ya wasemaji.

Kundi la tatu ni la majina ya kienyeji yaliyopewa hadhi rasmi. Julai 2022, baada ya watu kuugua mkoani Lindi, Wizara ya Afya ilitangaza kuwa ugonjwa huo ulikuwa homa ya mgunda. Mgunda ni neno lenye maana ya shamba katika lugha kadhaa za Kibantu nchini. Kwa msomaji wa historia ya Tabora neno hilo si geni hata kidogo: Mgunda Mkali ndilo jina la nyika kavu iliyotisha misafara kati ya Ugogo na Unyamwezi. Jina la namna hii humwambia mkulima mahali ambapo hatari huweza kumkuta, jambo ambalo istilahi ya maabara haiwezi kulifanya.

Hatari kubwa hutokea pale jina la hospitali na jina la nyumbani yanapoitazama hali moja kama mambo mawili. Utafiti uliofanywa wilayani Bagamoyo, mwanzo wa njia yetu ya misafara, na kuchapishwa mwaka 1996, ulichunguza ugonjwa wa degedege. Wenyeji waliutambua kuwa ugonjwa wenye jina lake na tiba yake, na tiba hiyo mara nyingi ilianzia nje ya kituo cha afya. Kwa daktari, mtoto mwenye homa anayetetemeka na kukakamaa aweza kuwa na malaria kali, na kila saa inayopita ina thamani. Tulinganishe:

(1) a. Mtoto mwenye dalili za malaria awahishwe kituo cha afya.
b. Mtoto akishikwa na homa au degedege awahishwe kituo cha afya. Degedege huweza kuwa dalili ya malaria kali.

Sentensi (1a) ni sahihi kisarufi na kitabibu, lakini mama anayeona degedege haimhusu, kwa sababu mtoto wake, kwa jina analolijua yeye, hana malaria. Sentensi (1b) imeongeza neno moja lisilokuwemo katika tangazo, na neno hilo ndilo linalomtoa mama nyumbani. Hapa mjumbe aliyebadili maneno ameutumikia ujumbe kuliko aliyeyaacha.

Uteuzi wa neno huweza pia kumhukumu mgonjwa. Mshukiwa ni neno la polisi na mahakama. Kumwita mtu mshukiwa wa kipindupindu ni kumweka kizimbani kabla ya vipimo. Ndiyo maana mhisiwa, linalotumika katika taarifa za Wizara, ni bora ingawa halijazoeleka. Vilevile waliotangamana na mgonjwa ni usemi wa maandishi. Katika kundi sogozi la mtaa wa Tabora, waliokaa karibu na mgonjwa au waliomhudumia husema jambo lilelile kwa uwazi zaidi.

3.2 Kuhimiza bila Kuamuru

Uamuzi wa pili unahusu kauli ya kuhimiza. Matangazo ya afya hupenda hali ya amri kwa sababu ni fupi. Lakini amri ya Kiswahili hubeba uhusiano wa msemaji na msemwa:

(2) a. Nawa mikono kwa sabuni.
b. Naweni mikono kwa sabuni.
c. Tunawe mikono kwa sabuni.
d. Shikamooni wazee wetu. Tukumbushane kunawa mikono kwa sabuni.

Katika bango lisilo na mwenyewe, (2a) haina ubaya, kwani bango halina umri. Katika kundi sogozi ambalo jina la mtumaji linaonekana, kijana wa miaka 22 anayemwandikia baba yake mkubwa (2a) amekosa adabu, na ujumbe hukataliwa kabla ya kupimwa. Sentensi (2c) hutumia nafsi ya kwanza wingi na kumweka mtumaji ndani ya wajibu. Sentensi (2d) hutanguliza heshima na kutumia kitenzi cha kutendana, hivyo kwamba anayekumbushwa naye ana haki ya kukumbusha. Huo ndio msimamo wa kirangozi: anaitangaza safari ambayo yeye mwenyewe ataitembea.

Yafaa hapa kugusia usemi maji tiririka, ulioenea sana mwaka 2020. Kwa sarufi sanifu twatarajia maji yanayotiririka au maji ya kutiririka. Baadhi yetu tuliusahihisha usemi huo. Hata hivyo, umbo fupi lilikumbukika, na yeyote aliyelisikia alijua kuwa maji ya beseni moja la watu wote hayatakiwi. Kazi ya mwanaisimu ni kulieleza umbo hilo, si kulifuta pale linapookoa watu.

Upande wa magharibi una hazina nyingine, nayo ni utani. Utani wa Wanyamwezi na baadhi ya makabila ya pwani na ya njiani, kama Wazaramo na Wagogo, unahusishwa na mikutano ya misafara. Mtani ana ruhusa ya kusema lile ambalo ndugu analionea haya, na ana wajibu wake msibani. Ujumbe kuhusu choo, kuhara au magonjwa ya zinaa huweza kupita kwa mlango huo. Lakini utani huhitaji watu wanaojuana. Ukitumwa kwa wasiojua nani ni mtani wa nani, huwa ni tusi, na kwa mgonjwa huwa ni kejeli. Kwa hiyo utani unafaa katika kundi dogo la watu wanaofahamiana, na haufai katika ukurasa ulio wazi kwa wote.

3.3 Kuonyesha Chanzo

Uamuzi wa tatu ndio mzito kuliko yote. Kiswahili hakina viambishi maalumu vya kuonyesha msemaji amelijuaje jambo, lakini kina njia nyingi za kufanya hivyo: eti, nasikia, inasemekana, kwa mujibu wa, imethibitishwa. Tuangalie:

(3) a. Inasemekana kuna kipindupindu mtaani.
b. Kama nilivyopokea: kuna kipindupindu hapa kwetu leo.
c. Imethibitishwa kuwa kuna kipindupindu mtaani.
d. Ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa imetangaza, tarehe fulani, kuwa kuna wagonjwa wa kipindupindu katika kata fulani.

Katika (3a) kauli ya kutendeka imemficha msemaji. Katika (3b) mtumaji hujivika joho la mjumbe asiyeuawa: hakusema yeye, alipokea tu. Sentensi (3c) ndiyo ya hatari zaidi, maana ina sauti ya mamlaka bila mwenye mamlaka. Msomaji makini hana budi kuuliza, imethibitishwa na nani? Ni (3d) pekee inayomtaja mtenda.

Mfano (3b) una tatizo la ziada la kipragmatiki. Maneno leo na hapa kwetu ni vionyeshi. Maana yake hutegemea nani anasema, wapi na lini. Ujumbe ulioandikwa Kaliua siku ya Jumatatu ukapokelewa Nzega baada ya wiki tatu bado husema leo na hapa kwetu, na Nzega huamini kuwa imevamiwa. Msafara wa zamani ulileta habari pamoja na mleta habari. Vumbi miguuni mwake lilionyesha ametoka mbali. Ujumbe uliopelekwa mbele na mbele hauna vumbi. Hivyo tarehe na jina la mahali si mapambo ya kiofisi. Ni sehemu ya maana.

Zaidi ya hayo, mpasha habari hawezi kutaja chanzo ikiwa chanzo kimenyamaza. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 16, 2020. Baada ya Aprili 29, 2020, Tanzania iliacha kutoa takwimu za wagonjwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Na Julai 28, 2021 uzinduzi wa chanjo ulifanyika chini ya Rais Samia Suluhu Hassan. Katika kipindi cha ukimya, muundo wa (3d) haukuwa na nomino ya kuujaza, na nafasi yake ikachukuliwa na (3a) na (3b). Chanjo ilipofika ilikuta masimulizi yamekwisha kuota mizizi. Ukimya wa asasi, basi, nao ni tendo la lugha, na matokeo yake humwangukia yule mwenye simu mtaani.

Sheria nayo haiifuati methali. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu pia anayesambaza taarifa za uongo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu siri za watu, zikiwemo za afya. Kutaja jina la mgonjwa, kuweka picha yake au kuionyesha nyumba yake, hata kwa nia njema, ni kumdhuru mtu na kujiweka mtumaji mwenyewe hatarini.

4.0 Kujitolea: Neno na Mzigo Wake

Kitenzi jitolea kimeundwa kwa toa, kikapata kiambishi cha kutendea, kisha kirejeshi ji. Mtu hujitoa kwa ajili ya jambo. Katika miaka ya Ujamaa neno hili lilipata maana pana: kazi za kujitolea zilijenga shule, barabara na zahanati, na mara nyingine hapakuwa na hiari kubwa ndani ya kujitolea huko. Historia hiyo ingali ndani ya neno, na anayeambiwa ajitolee huisikia.

Mpagazi wa karne ya 19 alibeba mzigo kwa ujira. Mpasha habari wa leo hubeba habari kwa simu yake na kwa kifurushi cha intaneti alichokinunua mwenyewe. Na neno kifurushi, kwa maana yake ya kwanza, ni mzigo mdogo. Mpango wa taifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 31, 2024 unakusudia kuwafikia wahudumu 137,294. Hatua hiyo inaonyesha kuwa kazi ya kuifikia jamii inaanza kuhesabiwa kuwa kazi. Hata hivyo, sehemu ya kazi hiyo inayofanywa kwa maneno, usiku, katika kundi sogozi, kumjibu mama mwenye mtoto mwenye homa, ni rahisi kuonekana kuwa si kitu, kwa kuwa kila mtu anajua kusema. Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa kusema huko ni ujuzi, na ujuzi hufunzwa.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo

Tumeona kwamba mpasha habari wa kujitolea hawezi kujificha nyuma ya methali. Hulazimika kubadili maneno ili yaeleweke, na akishayabadili huwajibika nayo. Njia ya kumlinda si kumkataza asibadili, bali ni kumfunza yapi hubadilika na yapi hayabadiliki. Jina la ugonjwa laweza kuongezewa jina la nyumbani. Kauli ya kuhimiza yaweza kufuata heshima ya mahali. Lakini kipimo cha dawa, dalili za hatari, tarehe, mahali na chanzo havibadiliki.

Kutokana na hayo, tunapendekeza mambo manne. Kwanza, Wizara ya Afya na Baraza la Kiswahili la Taifa washirikiane kuandaa orodha za istilahi za maradhi zinazoonyesha, kando ya jina rasmi, majina yanayotumika majumbani katika kila kanda. Pili, kila tangazo litolewe likiwa na maneno manne yasiyoondolewa: nani amesema, lini, kuhusu wapi, na msikilizaji afanye nini. Tatu, pawepo njia ya kurudisha maswali, kama walivyokuwa nayo wanavikundi wa Mtu ni Afya; namba 199 ya Wizara, isiyotozwa malipo, ni mwanzo mzuri, na inapaswa kutajwa katika kila ujumbe. Nne, idara za Kiswahili katika vyuo vikuu zifanye uchambuzi wa matini za afya kuwa sehemu ya mazoezi ya uwandani, ili wanafunzi wa isimujamii na tafsiri wakae na wapasha habari hao, wajifunze kwao na wawasaidie.

Pendekezo la nne linatuhusu sisi moja kwa moja. Kwa miaka mingi tumejadili usanifishaji wa istilahi tukiwa na kamusi mezani. Mahali istilahi hizo zinapopimwa ni pale mama anaposoma sentensi moja kwenye simu na kuamua kama anatoka usiku huo kumpeleka mtoto kituoni, au anangoja kukuche. Utafiti wa lugha ya afya uanzie hapo.